Firigisi ya Saidi

Palma, siku za baada ya Natali

Bakari, mdogo wangu, salamu zako ziko chini, zisubiri. Kwanza nakuomba usimsomee Mama barua hii barazani. Ingia naye ndani, na uangalie mama yake Saidi asiwe amekuja kuomba moto au kuazima kinu, maana namjua, mlango wa nyumba yenu kwake hauna pazia. Ukishahakikisha, mkalishe Mama kitandani, soma polepole, na usiruke kitu. Una tabia ya kuruka wewe. Ukifika penye uzito unajifanya mwandiko hausomeki. Mwandiko wangu unasomeka.

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuamkia kutoka huku bara kama vile nimepiga magoti mbele yako. Mgongo unaendeleaje? Na lile jicho linalotoa machozi, bado unalikanda kwa maji ya vuguvugu, au umeacha kwa kuwa sipo kukugombeza? Maji ya kisima yamerudi kuwa matamu? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi, ila miguu inavimba kwa kusimama. Bado nakaanga bajia karibu na soko siku unga unapopatikana. Usipopatikana nakaa nyumbani nagombana na inzi.

Ningekupigia simu, lakini tangu mnara wa huko Macaloe uungue, simu yenu inaniambia kitu kimoja tu kila siku, na nimechoka kuambiwa na sauti ya mtu nisiyemjua kwamba mama yangu hapatikani. Barua hii inaletwa na mama mmoja anayepeleka chumvi na sabuni visiwani. Ameruhusiwa kupanda mashua ya askari. Mpe maji ya kunywa na chochote kilichopo, na usimhoji, kwa sababu anajua nusu tu ya mambo.

Mdogo wangu Riziki amejifungua, Mama. Mtoto wa kike. Ana nywele tele na masikio yaliyochomoza kama ya baba yake, hata ungemkuta njiani ungejua ni wa nani. Nilikuwa naye tangu uchungu ulipoanza. Nilimpa mkono wangu aushike, akauuma, alama ninayo mpaka leo. Mtoto alipolia nikapiga vigelegele peke yangu mle hospitalini, nesi akanifukuza, akasema kuna wagonjwa. Nikatoka nje nikapiga kimoja kwa niaba yako, ndipo nikanyamaza.

Habari njema ni hiyo, na imeishia hapo. Sasa shika kitu.

Unamjua mkweo Saidi alivyo. Tangu tumbo la mkewe lianze kuonekana, hakuwa na mazungumzo mengine ila jogoo. Kwetu sisi jogoo wa mzazi huchinjwa na baba wa mtoto kwa mkono wake mwenyewe, mzazi akanywa supu akapata nguvu na maziwa, na firigisi ikawekwa pembeni kwa ajili ya huyo baba. Hailiwi na mtu mwingine. Wewe sikufundishi haya, ulinifundisha wewe. Nayaandika kwa sababu ndimo balaa lilimopitia.

Hapa mjini kuku wa kienyeji hawapo. Waliokuwepo tuliwamaliza sisi wakimbizi, na waliobaki wanafichwa ndani kama wanawali. Kuku wa barafu wapo dukani, wanatoka ng'ambo ndani ya maboksi. Nikamwambia, "Shemeji, chukua hao, kuku ni kuku." Akanitazama kama nimemtukana mama yake.

"Dada Mwana," akasema, "mke wangu anywe supu ya kuku aliyekufa sijui lini, kachinjwa na sijui nani? Nakwenda Olumbi kwa mjomba. Nitaleta jogoo anayewika."

Nilimkataza, Mama. Nilimkataza mbele ya mkewe na nikamkataza tena nje. Siku hizo ilikuwa ikisemwa barabara imefunguka, na wanaosema hivyo ni wale wasiopita. Lakini alikuwa amekwisha kuamua, na Riziki naye alikuwa anacheka, anamwambia, "Mchague mwenye mapaja." Akaondoka asubuhi kwa baiskeli, yeye na Alawi jirani yetu na ndugu yake Alawi, ambao walikuwa wanafuata mihogo.

Alawi na nduguye wakarudi kwa miguu, wamechanwa na miiba mwili mzima. Saidi hakurudi nao.

Nilimvuta Alawi nyuma ya nyumba, penye pipa la maji, nikamwambia aniambie yote. Akasema walifika Olumbi salama, mjomba akawapokea, Saidi akapewa jogoo mwekundu mkubwa, akamfunga miguu akamning'iniza kwenye usukani. Wakati wa kurudi wakasikia milio ya bunduki mbele yao. Wakatupa baiskeli wakaingia porini, wote watatu. Walikuwa wamekwisha kuingia, Mama. Kisha Saidi akasema, "Nimemwacha jogoo," akageuka. Alawi anasema alimwita. Saidi akajibu, "Nakuja, nakuja." Milio ikasogea, na baada ya hapo hawakumsikia tena.

Nilimpiga Alawi kofi. Hakuwa na kosa lolote, na mimi nilijua hana kosa, na mkono ukaenda. Hakunirudishia. Alikaa chini pale penye tope akalia, nami nikakaa karibu yake. Nikamwambia, "Hilo la jogoo lisimfikie Riziki. Mwambie mlipotezana porini, basi." Akaapa. Mpaka leo hakuna aliyemwona Saidi, wala mwili wake, wala baiskeli. Askari tumewauliza, wanasema subirini. Walioko kambini kule Olumbi tumewatumia salamu, hakuna jibu.

Riziki alijifungua baada ya hapo, na hukumu ikaanza. Aliporudi kutoka hospitali alilala akageukia ukuta. Uji hataki. Wali hataki. Nikatafuta samaki, nikapika mchuzi wa nazi kama ule wako, akasema harufu inamchefua. Nikanunua yule kuku wa barafu, nikampikia supu, nikaweka pilipili manga ya kutosha kumwamsha maiti. Akanisukumia bakuli.

"Nimkosee adabu mume wangu?" akasema. "Kaenda kunifuatia kuku, yuko njiani, mimi ninywe supu ya kuku mwingine? Akifika nitamwambia nini?"

Nikamwambia, "Utamwambia ulikuwa na njaa." Akanigeuzia mgongo.

Maziwa hayakutoka. Yalianza kidogo yale ya mwanzo, ya njano, kisha matiti yakalala. Tukaenda kwa nesi, akatupa maziwa ya unga kidogo, akasema yaliyobaki ni ya watoto waliokosa mama kabisa. Akamwambia Riziki, "Wewe mama yake upo. Kula." Jirani mmoja mwenye mtoto mchanga alikuwa akimnyonyesha wetu pamoja na wake, Mungu amlipe, lakini familia yao ikapandishwa gari kupelekwa kambi nyingine, akaondoka na maziwa yake. Nikabaki na maji ya sukari na kijiko. Mama, mtoto mwenye njaa hulia, na mimi nilikuwa namlaani kwa kelele. Kisha akaanza kunyamaza. Hapo ndipo nilipoogopa. Alikuwa anafungua mdomo kama anayetaka kulia, halafu anaona haina maana.

Na hana jina mpaka sasa. Riziki alisema jina atatoa baba yake. Tunamwita Mgeni.

Sasa nikueleze habari za Mama Lukresia. Tunakaa naye ua mmoja, chumba chake kinatazamana na chetu. Ni Mmakonde wa kule juu bara, Mkristo, nyumba yake iliungua kama ilivyoungua yetu kule Mocímboa. Kazi yake ni kuosha masufuria kwenye kambi moja ya wafanyakazi wa gesi. Mwanamke mzito wa maneno. Mimi nasema mpaka koo linauma, yeye anajibu "Ehe." Mwanzoni nilidhani ananidharau, kumbe ndivyo alivyo.

Kule kambini walikula sikukuu yao ya Natali, ya kuzaliwa Nabii Isa, wakapika bata mzinga. Huku wanamwita peru. Hujamwona wewe, ni kama kuku aliyekasirika akavimba. Walipika wengi kupita watu, na kesho yake mkubwa wa jikoni akawaambia waosha vyombo wagawane mabaki. Mama Lukresia akaja na mfuko mzito umeloa mafuta, akaupita mlango wake mwenyewe, akauweka mbele ya mafiga yangu.

"Mpikie mdogo wako," akasema.

Nikaangalia ndani. Mifupa ya kifua na nyama yake bado imeshikilia, mabawa, paja zima lisiloguswa. Mate yalinijaa mdomoni, sikufichi. Lakini nikasita, unajua kwa nini. Kabla sijafungua mdomo akatoa kwenye kanga yake kipande cha karatasi ya nailoni, amekisafisha na kukikunja vizuri, chenye muhuri wa maandishi ya Kiarabu.

"Nilijua utauliza," akasema. "Nimekukatia kutoka kwenye boksi. Na mvinyo hawakutia. Siagi na chumvi. Nilikuwa nimesimama hapohapo."

Nilimkumbatia, akasimama kama nguzo mpaka nilipomwachia. Halafu akatoa kifuko kingine kidogo. Ndege hawa, Mama, huja na vya ndani vyao vimefungwa kwenye mfuko tumboni, na wapishi wa kule huvitoa wakavitupa. Yeye alivichukua. Kulikuwa na shingo, ini, na firigisi, mbichi, kubwa kama ngumi ya mtoto.

Nikapika. Kuni zilikuwa mbichi kwa hizi mvua, moshi ulinitoa machozi niliyokuwa nayahitaji. Niliitenga ile nyama ya paja kwanza, nikaivunja mifupa kwa mchi ili uboho utoke, nikaijaza sufuria maji na kuiacha ichemke taratibu, huku naengua povu na yale mafuta ya siagi yaliyoelea, kwa sababu mzazi akinywa mafuta mageni tumbo litamkata. Nikaponda tangawizi na kitunguu saumu. Pilipili manga nilikuwa nayo kidogo tu, ile uliyonifungia kwenye pindo la kanga nilipoondoka, nikaponda nusu yake. Firigisi niliikata nikatoa ngozi ya ndani, nikaisugua kwa chumvi na limau, nikaitumbukiza nzima. Mwishoni nikarudisha nyama ya paja, nimeichambua nyuzi nyuzi. Watoto wa ua wote walikuja kukaa kimya karibu na moto. Nilimpa kila mmoja mfupa wa kunyonya. Supu ilikuwa nzito, ya rangi ya dhahabu, na harufu yake, Mama, kwa kitambo kidogo nilikuwa jikoni kwako nikingoja kuitwa.

Nikampelekea Riziki. Akanusa, akafungua macho.

"Kuku?"

"Siyo kuku," nikamwambia. "Ulisema hutakunywa supu ya kuku mwingine. Mimi nimekusikia na nimekuheshimu. Huyu ni peru."

Aliniangalia sana. Nadhani alitaka kucheka, midomo ilianza kujaribu. Kisha akauliza, "Peru ana firigisi?"

"Anayo. Kubwa."

"Mwekee Saidi."

Nikaenda nikaitoa sufuriani, nikaiweka kwenye lile bakuli la bluu la mumewe, nikafunika kwa sahani, nikaiweka juu ya sanduku ambapo anaiona. Ndipo akanywa. Alikunywa kata moja, akasema inatosha. Nikamsihi. Akasema mke hashibi kabla mumewe hajala.

Nikajipa moyo kwamba leo kata moja, kesho mbili. Haikuwa hivyo. Kila siku nilikuwa naongeza maji kwenye ile mifupa, naongeza mihogo, naongeza mchele kidogo ili iwe nzito, na kila siku anakunywa vile vile, vijiko vichache, macho yako juu ya sanduku. Na kila asubuhi na kila alasiri ananiambia, "Dada, ichemshe isiharibike." Basi naichukua ile firigisi, naichemsha kwa chumvi, narudisha kwenye bakuli, nafunika. Ilikuwa inasinyaa na kuwa nyeusi, imekuwa ngumu kama kisigino. Nikawa naichukia. Nimezaliwa na mdomo, wewe unajua, lakini sikuwahi kukichukia kitu cha kula.

Siku ile sufuria ilipofika mwisho, mvua ilikuwa inanyesha tangu adhuhuri. Mama Lukresia alikuwa amerudi kutoka kazini mapema, amekaa mlangoni kwetu amempakata mtoto. Mifupa ilikuwa imechemshwa mpaka imekuwa laini kama chaki, haitoi kitu tena. Nikakwangua nikapata bakuli moja. Nikamletea Riziki. Akanywa vijiko viwili, akarudisha.

Nikamwambia, "Maliza."

"Inatosha, dada."

"Mwanao hajalia tangu asubuhi," nikamwambia. "Umesikia sauti yake leo? Mimi sijaisikia."

Akasema, "Saidi akija na jogoo, nitakunywa nishibe, maziwa yatakuja."

Hapo nilishindwa, Mama. Niliwaka. Nikachukua lile bakuli la bluu juu ya sanduku nikamwambia, "Hii firigisi naitupa. Nampa mbwa. Unamlisha mtu ambaye hayupo, na aliyepo unamwua na njaa." Nilisema hivyo. Neno "hayupo" lilinitoka nikiwa nimesimama na bakuli mkononi, na likabaki pale katikati ya chumba. Mama Lukresia akasema, "Mwana," kwa sauti ya chini, basi.

Riziki hakupiga kelele. Alinyanyuka akakaa. Akanyoosha mkono, akasema, "Lete."

Nikadhani anataka kuirudisha mahali pake. Nikampa. Akaondoa sahani, akaiangalia.

"Alimrudia jogoo," akasema.

Nikamwuliza amejuaje. Akasema, "Siku ile ulipokuwa unaongea na Alawi penye pipa. Ukuta wenyewe wa makuti huu, dada. Nilisikia kila kitu. Nilisikia na kofi."

Alikuwa anajua tangu siku ya kwanza, Mama. Alizaa akiwa anajua. Mimi nilikuwa namficha, na yeye ananificha kwamba hajafichika.

"Alikuwa amekwisha kuingia porini," akasema. "Akarudi ili mimi ninywe supu. Na mimi sijanywa."

Akasema bismillahi. Akaichukua firigisi kwa vidole akaipeleka mdomoni. Ilikuwa ngumu, alikuwa anaivuta kwa meno ya pembeni, anatafuna, anatafuna, anameza kwa shida, anauma tena. Sikumsaidia. Nitamsaidiaje? Machozi yalikuwa yanamtoka na haachi kutafuna. Nilitaka kumwambia aache, bado hatujui, watu hurudi, fulani alirudi baada ya kuombewa dua. Maneno yote hayo nilikuwa nayo, na kwa mara ya kwanza tangu unizae nilinyamaza. Mama Lukresia alijifunika uso kwa upindo wa kanga. Tulikaa hivyo mpaka alipoimaliza yote, hata kile kipande kigumu cha pembeni ambacho watu hutema.

Kisha akasema, "Nipe supu yangu." Akanywa yote iliyobaki. Akauliza kama kuna uji. Nikapika uji akanywa. Mama Lukresia akaleta muhogo wake wa kuchemsha akala. Alikula kama mtu anayefanya kazi ngumu, ameinama, hatazami pembeni. Halafu akamwomba mtoto.

Maziwa hayakuja siku ile. Wala kesho yake. Niliswali nikamwambia Mungu maneno ambayo sitayaandika, mwalimu wa chuo cha Kurani asije akayasoma. Tulikuwa tunamdondoshea mtoto maji ya sukari, na Riziki anakula kila anachopewa, anamweka titini, mtoto anageuza uso. Kisha asubuhi moja nikiwa nje napepeta unga, nikasikia mtoto anakoroma kwa hasira kama paka mwenye nyama. Nikaingia. Alikuwa amelishika. Maziwa yalikuwa yanamtiririka kwenye shavu kwa kuwa hajui kuyapokea. Si mengi, Mama, usifurahi sana. Lakini tangu siku hiyo analia akitaka, na akilia mimi simlaani tena.

Hivyo ndivyo tulivyo. Riziki hajabadilisha nguo kuvaa za msiba. Neno eda halijatamkwa humu ndani, na mimi silianzishi, kwa sababu sijui sheria inasemaje kwa mtu ambaye hakuna aliyemwona akifa. Mwulize mwalimu kwa siri, kama ni mke wa mtu mwingine, usitaje jina. Habari za usiku wake siziandiki. Mchana anakula, ananyonyesha, ananisaidia kuponda kunde. Lile bakuli la bluu alilisafisha mwenyewe, akalifuta kwa kitambaa, akalifungia sandukuni pamoja na shati lake. Tangu hapo hajaangalia juu ya sanduku tena.

Mimi ndiye ninayeangalia. Mama, nimechoka. Naona haya kukuambia, mimi mkubwa wao. Sufuria imekwisha, Natali ya mwaka mwingine iko mbali, na mzazi bado yuko ndani ya arobaini yake, na maziwa yenyewe yanategemea nitakachotia mdomoni mwake kesho. Kesho sijui. Kama mashua ya askari inachukua watu, njoo, hata kwa mgongo huo. Mikono yako ndiyo iliyopasa kuwa hapa tangu mwanzo, mimi nabahatisha tu. Kama haiwezekani, mpe huyo mama wa chumvi pilipili manga na samaki wakavu wa kuchemsha, na uniandikie au mwambie Bakari aandike jinsi unavyomkanda mzazi tumbo, nimesahau ni kuanzia chini au juu.

Nisalimie baba mdogo, mwambie nimesikia anashona nyavu tena na nimefurahi. Shangazi mkubwa mwambie kanga yake ndiyo tuliyomzungushia mtoto alipozaliwa, haikupotea njiani kama alivyoogopa. Mwalimu wa chuoni atuombee, bila kumwambia kwa nini. Bakari, salamu zako ndizo hizi: umesoma vizuri ikiwa Mama analia, na kama hukuruka. Mletee maji.

Na mama yake Saidi. Kwake msalimie sana, Mama, umpe mkono wangu. Mwambie ana mjukuu wa kike mwenye masikio ya mwanawe. Mwambie mtoto anamngoja bibi yake upande wa baba ampe jina, kwa kuwa haki hiyo ni yake sasa, atuchagulie zuri. Hayo mwambie yote. Kuhusu Saidi mwambie alipotezana na wenzake porini, bado tunamtafuta; la jogoo usimwambie, na la firigisi lisitoke katika chumba hicho ulimo, hata akikulilia.

Ila najua atauliza. Mama yeyote angeuliza. Atakuuliza kama kule kwa mkewe wanapopika wanamwekea mwanawe fungu lake. Mwambie waliweka. Mwambie mkewe ndiye aliyesema, kabla hajagusa kitu mwenyewe, mwekeni Saidi, na ikachemshwa asubuhi na alasiri isiharibike. Hapo utakuwa hujasema uongo.

Mimi mwanao wa kwanza, mwenye mdomo,

Mwanahamisi